Paka anajikuna mpaka kipara: jinsi ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua, kabla hujamlaumu dagaa

Kama unaishi Mwanza na una paka anayejikuna, ushauri wa kwanza uliopewa naujua: mpunguzie dagaa. Mi niliambiwa hivyo na watu kama sita, akiwemo mama anayeniuzia hao hao dagaa, na kwa ujinga wangu nikamnyima paka dagaa miezi miwili mizima, nikawa nanunua nyama ya kumlisha yeye huku mwenyewe nakula maharage, na paka akaendelea kujikuna vile vile. Kumbe tatizo lilikuwa linalala naye kwenye kochi.

Huyu paka anaitwa Furu, niliokota kitoto pale Mwaloni Kirumba, kijivu, kadogo kama hao furu wenyewe, wale samaki wadogo wa ziwani. Alianza kujikuna akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Usiku unasikia tu mguu unagonga sakafu tak tak tak, asubuhi unakuta manyoya kwenye kochi, baada ya mwezi tumbo lote limebaki uchi na mgongoni karibu na mkia kuna vigaga. Nilichojifunza kwenye ile safari yote naandika hapa kwa mpangilio, maana mpangilio ndo kila kitu kwenye hili suala. Ukianza na sababu ngumu ukaruka nyepesi utapoteza hela na muda, na paka ndo anaumia.

HATUA YA KWANZA: usimpake kitu chochote

Najua mkono unawasha kupaka kitu. Ila majirani watakuletea mafuta ya taa, oili chafu, dettol, majivu, maji ya mwarobaini, krimu ya fangasi aliyobakiza mtoto. Paka anajilamba mwili mzima kila siku, kwahiyo chochote unachompaka hesabu umemnywesha, na ini la paka linashindwa kuvunja vitu vingi ambavyo mtu au mbwa anavimudu. Mafuta ya taa na oili yanaunguza ngozi na yakiingia mapafuni ni msiba. Panadol ndo usithubutu kabisa, hata nusu kidonge inaweza kuua paka. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinatuliza muwasho siku mbili tatu, alafu kama kumbe ilikuwa fangasi unaikuta imetambaa mpaka kichwani.

Badala yake chukua daftari. Andika tarehe, andika anajikuna wapi, mpe alama kutoka 0 mpaka 10 (0 hajikuni kabisa, 10 anaacha chakula ili ajikune), na umpige picha mchana penye mwanga, sehemu zile zile kila wiki. Inaonekana kazi ya kizungu sana lakini niamini, bila daftari utajidanganya. Wiki ya tatu utasema "naona kama amepata nafuu", ukifungua picha unakuta kipara kimeongezeka.

Na andika haya pia: alianza lini na ana umri gani, anatoka nje au hatoki, kuna mnyama mwingine nyumbani, kuna kuku karibu, na je kuna MTU anajikuna humo ndani? Hilo la mwisho watu wanalisahau, ntalirudia.

HATUA YA PILI: msome ngozi kwa vidole

Mweke mapajani akiwa ametulia, pitisha vidole kinyume cha manyoya kuanzia mkiani kwenda shingoni. Ngozi ya paka ina namna nne tu za kulalamika wakati sababu zake ni nyingi, ndo maana kuangalia peke yake hakumalizi kazi. Namna ya kwanza ni vipele vidogo vidogo vyenye gaga, huvioni vizuri ila unavisikia kama punje za ufuta chini ya vidole. Ya pili ni kunyonyoka, hasa tumboni na ndani ya mapaja, ngozi chini ni safi tu. Ya tatu ni vidonda vya kujikuna kichwani na shingoni. Ya nne ni mabaka mekundu yaliyovimba, au mdomo wa juu kufanya kidonda na kuvimba, watu wanadhani ameng'atwa na nyuki.

Hapo kwenye kunyonyoka kuna mtego. Watu wengi wanasema "paka wangu hajikuni, manyoya yanadondoka tu yenyewe". Gusa ile sehemu iliyo wazi. Ukisikia inakwaruza kama ndevu za siku mbili, manyoya hayajadondoka, yamekatwa, paka anayakata kwa ulimi na meno wakati wewe huoni. Paka ni msiri kwenye kujilamba, anasubiri mtoke. Ukiona anatapika mabonge ya manyoya au kinyesi kimejaa manyoya, jibu umelipata. (Mara chache anayelamba tumbo la chini tu ana maumivu ya kibofu, so kama anachuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, acha kusoma hapa, mpeleke leo leo hasa kama ni dume.)

Sehemu anayojikuna inakupa fununu, haikupi hukumu. Kiunoni karibu na mkia: viroboto. Masikio: utitiri wa masikio. Juu ya pua na ncha za masikio: mbu. Uso na shingo: utitiri au chakula. Ila Furu alikuwa na kiuno NA tumbo, na daktari akasema vyote viwili ni kitu kimoja.

HATUA YA TATU: viroboto, na usiniambie paka wako hana

Hapa ntakaa sana kwasababu ndipo wengi mnapokosea. Niliposema Furu hana viroboto nilikuwa nina uhakika, nilishamfunua manyoya na tochi ya simu mara tatu. Daktari hakubishana na mimi. Alichukua kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, kama kile cha kutolea chawa, akachana kiunoni mara tano sita, akagonga kitana juu ya kipande cha toileti pepa nyeupe. Zikadondoka punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, mi nikasema hizo si vumbi tu? Akadondoshea maji kidogo. Tukasubiri kama dakika moja hivi, zile punje zikaanza kutoa duara la rangi nyekundu iliyofifia, kama kutu. Ile ni damu ya Furu iliyopita kwenye tumbo la kiroboto. Kinyesi cha kiroboto hicho. Vumbi la kawaida halitoi rangi.

Hicho kipimo kinafanyika nyumbani, gharama yake ni kitana. Fanya kabla ya kingine chochote. Na hata kikitoka safi bado usimuachie kiroboto, kwasababu paka mwenye aleji ya mate ya kiroboto anajilamba sana mpaka anawameza wote pamoja na ushahidi. Ushahidi mwingine unauona nyuma: vipande vyeupe kama punje za mchele vinavyocheza cheza kwenye njia ya haja au vilivyokauka pale anapolala. Hao ni minyoo tegu, paka anaipata kwa kumeza kiroboto. Ukiiona hiyo, kiroboto amepita hapo, hakuna mjadala.

Sasa neno aleji. Paka wa kawaida aking'atwa na viroboto ishirini anajikuna kidogo basi. Paka mwenye aleji aking'atwa na wachache tu anawashwa mwili mzima kwa siku kadhaa. Ndo maana unaweza kuwa na paka wawili kwenye nyumba moja, mmoja ana viroboto kibao na mzima kabisa, mwingine huoni hata mmoja na amebaki kipara. Yule kipara ndo anaambiwa ana aleji ya dagaa, maskini.

Alafu elewa viroboto wanaishi wapi. Wale wakubwa walioko juu ya paka ni kama 5 tu kwenye kila 100. Hao 95 waliobaki ni mayai, mabuu na wale walio kwenye vifuko, na wote wako kwenye nyumba yako: kwenye nyufa za sakafu, chini ya makochi, kwenye mkeka, kwenye kile kitambaa anacholalia. Jike moja linataga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku, na yanadondoka kama chumvi kila paka anapopita. Wenzetu wa nchi za baridi angalau wana majira ya baridi yanayopunguza mambo, sisi hapa ziwani joto na unyevu ni mwaka mzima, kwahiyo hamna mwezi wa likizo.

Matibabu ya kujua kama ni kiroboto ndo haya, na ni matibabu na kipimo kwa wakati mmoja:

Pata kutoka kwa daktari wa mifugo dawa ya kudondoshea shingoni ILIYOANDIKWA ni ya paka, kulingana na kilo zake (zenye selamektini, fipronili au imidaklopridi ndo za kawaida), au vidonge anavyokushauri. Inadondoshewa kwenye ngozi nyuma ya shingo pale ulimi haufiki, unafunua manyoya kwanza, ukiweka juu ya manyoya umemwaga hela. Rudia kila mwezi au kadiri karatasi ya dawa inavyosema, kwa miezi 3 bila kuruka. Wanyama WOTE wa nyumbani, mbwa kwa dawa yake, hata yule paka mzima asiyejikuna. Vitoto vya chini ya wiki 8 tumia kitana na maji ya sabuni tu, na kama fizi zao ni nyeupe badala ya pinki wahi kwa daktari, viroboto wanamaliza damu ya kitoto kabisa.

Upande wa nyumba: vitambaa vyote vya kulalia kwenye maji ya moto kila wiki, anika juani. Vuta makochi, fagia kwenye nyufa na pembeni mwa ukuta, vumbi lichome au litupe mbali, usilimwage hapo mlangoni. Mkeka na godoro vitoke juani mchana kutwa, mabuu hayapendi jua na ukavu. Mi nyumba yangu iko mlimani, imejengwa kwenye mawe kama nyumba nusu ya Mwanza, na chini ya jiwe moja nyuma ya jiko kuna kivuli ambacho paka wote wa mtaa wanalala mchana. Nilifagia ndani mwezi mzima kabla ya kugundua kiwanda kiko pale.

Na jiandae kisaikolojia: baada ya kuweka dawa utaendelea kuona viroboto wapya kwa wiki kadhaa, maana walioko kwenye vifuko dawa haiwafikii na wanaweza kukaa humo miezi wakisubiri mtikisiko wa mnyama kupita. Hapo ndo watu wanasema "dawa feki hii" wanaacha. Usiache.

Onyo la dawa ya mbwa

Hii imenitokea mwenyewe, na ndo sababu kubwa ya kuandika mwongozo huu. Baada ya kipimo cha kitana dawa ya paka ilikuwa imeisha kwa daktari, nikaenda duka moja la dawa za mifugo, silitaji, kijana akanimiminia dawa ya kuogeshea mbwa kwenye kichupa cha maji akasema weka kidogo tu, paka si mbwa mdogo. Saa nne usiku Furu akaanza kutikisika masikio, nikacheka nikajua anawashwa. Nusu saa baadae anatetemeka mwili mzima, udenda unamtoka, miguu ya nyuma haimbebi.

Dawa nyingi za mbwa na za kunyunyizia ng'ombe zina permethrini au ndugu zake, na paka hawezi kuivunja mwilini. Ukisoma kopo ukakuta jina linaanza na "perm" au linaishia na "thrin", isimguse paka. Amitrazi ile ya kupe, vile vile. Ikishatokea: muoshe kwa maji ya vuguvugu (sio ya moto, ya moto yanafungua ngozi dawa inaingia zaidi) na sabuni ya maji ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, usimnyweshe maziwa wala mafuta, na kimbia kwa daktari usiku huo huo na kopo mkononi. Mi nilimfunga kwenye kanga nikapanda bodaboda, akakaa kwa daktari siku mbili, akapona. Wapo wasiopona. Kama umemuogesha mbwa kwa dawa hizo, paka asilale naye mpaka mbwa akauke kabisa, na zile za mbwa za kudondoshea shingoni watenganishe siku kadhaa.

HATUA YA NNE: wadudu wengine, hapa hadubini inahitajika

Kama anajikuna masikioni, chungulia ndani. Uchafu mweusi mkavu kama masalia ya kahawa, na paka anatikisa kichwa, mara nyingi ni utitiri wa masikio, hasa kwa paka wadogo. Usiingize pamba ya kijiti, usimwage spiriti. Daktari anachukua uchafu kidogo anauweka chini ya hadubini, anawaona wanatembea, dakika kumi imeisha.

Upele wa paka ni mwingine. Unaanzia kwenye kingo za masikio, unashuka usoni na shingoni, gaga nene la kijivu, na paka anajikuna kama kichaa mpaka anatoa damu. Unaambukiza paka kwa paka na unaweza kukuwasha wewe mikononi kwa muda. Anakwanguliwa ngozi kidogo, inaangaliwa. Ile selamektini niliyoitaja inatibu hivi viwili pia, na ndo maana daktari wangu anaipenda, kwa jiwe moja unapiga wote.

Kwa wenye kuku: kuna viroboto wa kuku wanaong'ang'ania. Hawarukiruki, wamejipachika kwenye kingo za masikio na kuzunguka macho kama mbegu nyeusi zilizogandishwa, kundi zima. Paka anayelala karibu na banda anawapata. Usiwanyofoe kwa kucha wote kwa pamoja utamwachia vidonda, mtibu paka, na banda la kuku nalo litibiwe, la sivyo wiki ijayo wanarudi.

HATUA YA TANO: choa

Nilisema uulize kama kuna mtu anajikuna. Kama mtoto ana choa mkononi au mapunye kichwani na paka ana mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba, mnashirikiana fangasi. Choa kwa paka mara nyingi hakiwashi sana, na paka wengine wanabeba bila kuonyesha kitu. Kuna taa maalum ya zambarau ambayo inafanya manyoya yenye fangasi yang'ae kijani kama tufaa bichi, ila sio kila choa kinang'aa, kwahiyo taa ikikataa haimaanishi hamna. Kipimo cha uhakika ni kuotesha manyoya maabara, kinachukua wiki moja mpaka tatu, muulize daktari wa mifugo wa kata yako sampuli anapeleka wapi. Wakati mnasubiri mtengeni chumba kimoja, watoto wanawe mikono, na manyoya yafagiliwe kila siku.

HATUA YA SITA: mbu

Hii ya kwetu kabisa. Kuna paka wenye aleji ya kuumwa na mbu, na mbu anauma pale penye manyoya machache: juu ya pua, ncha za masikio, wakati mwingine nyayo za miguu. Pua inafanya vidonda vyenye gaga, inapoteza rangi. Paka wa jirani yangu anayekaa chini karibu na maji alikuwa anapata hivyo kila mvua za masika zikianza, jirani mwenyewe anasema ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wale wa moshi wengi wao hata hawaumi, wanakera tu. Ni mbu.

Kipimo ni rahisi mno: mfungie ndani kwenye chumba chenye nyavu madirishani, kuanzia jioni kabla giza halijaingia mpaka asubuhi, ikiwezekana siku nzima, kwa wiki moja au mbili. Pua ikianza kukauka vizuri, umepata. Usimpake dawa ya mbu ya watu.

Kama paka ni mweupe na ncha za masikio zina vidonda visivyopona, usisubiri wiki yoyote. Jua letu ni kali na paka weupe wanapata saratani ya ngozi hapo hapo masikioni na puani. Ikiwahiwa sikio linakatwa kidogo anaishi.

HATUA YA SABA: sasa ndo tumfikirie dagaa

Umefika hapa maana yake miezi 3 ya viroboto umeimaliza kwa uaminifu, utitiri hamna, choa hamna, na daktari ameangalia kama kuna bakteria waliovamia vidonda (wakiwepo wanawasha pia, wanatibiwa kwanza). Paka bado anajikuna. Haya, chakula.

Na kusema ukweli wale watu sita walioniambia nimpunguzie dagaa hawakuwa wanaongea upuuzi mtupu. Vyakula vinavyoongoza kuleta aleji kwa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Samaki yumo. Aleji ya chakula inakuja kwa kitu ambacho mwili umekizoea, hata alichokula miaka mitatu bila shida, na paka wa Mwanza amelelewa kwa dagaa, mapanki (mabaki ya sangara waliotolewa minofu) na kichwa cha sato. Ila kosa langu lilikuwa mawili: nilianza na hilo, na nilipomwachisha dagaa nikampa nyama ya ng'ombe, yani nimemtoa kwa mshukiwa namba mbili nikampeleka kwa namba moja. Ile miezi miwili haikunionyesha kitu chochote.

Hakuna kipimo cha damu cha kuaminika kwa hili, mtu akikuuzia hicho kipimo weka hela mfukoni. Kipimo ni sahani. Chagua nyama moja ambayo paka HAJAWAHI kula: mbuzi kama hajawahi, sungura, au bata (bata mwache kama kuku ndo mshukiwa mkubwa). Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu maana hivyo ni sumu kwake, toa mifupa. Changanya na chakula cha zamani ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki moja, alafu hiyo nyama TU kwa wiki 8. Maziwa hapana, mchuzi hapana, ugali uliopikwa sufuria ya samaki hapana. Paka akigoma kula siku moja na nusu usishindane naye, rudisha chakula chake ujipange upya, paka asipokula siku mbili tatu ini linajaa mafuta na hilo ni kubwa kuliko muwasho. Na nyama tupu sio chakula kamili, inakosa kalsiamu na vingine, kwahiyo hii ni kwa paka mkubwa mwenye afya na kwa hizo wiki 8, vitoto na wenye mimba hapana, na ongea na daktari kabla ya kuanza.

Ugumu ni majirani. Mtaa wetu dagaa wanaanikwa mpaka juu ya mawe, Furu angetoka nje dakika kumi anarudi na harufu. Kwahiyo wiki 8 paka anakaa ndani, na unazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba unawaomba, jamani huyu asipewe kitu. Kuna bibi mmoja alinijibu sawa mwanangu, alafu nikamkuta anampitishia kichwa cha samaki dirishani, ananiambia hiki sio dagaa hiki ni sangara. Panya na mjusi anaokamata pia wanahesabika. Akikosea siku moja andika kwenye daftari, usianze kujidanganya.

Wiki 8 zikiisha na muwasho umeshuka, bado hujamaliza. Rudisha chakula cha zamani, kimoja kimoja: dagaa peke yake kwa siku 14. Akianza kujikuna ndani ya siku hizo, simamisha, subiri atulie, umempata mwizi. Asipojikuna, dagaa hana hatia, jaribu ng'ombe. Watu wengi wanaruka hapa kwasababu hawataki kumrudisha paka kwenye kujikuna, naelewa, lakini bila kurudisha unaweza kumnyima samaki paka miaka kumi bure wakati aliyemponya ni dawa ya viroboto ya mwezi uliopita.

HATUA YA MWISHO: kilichobaki

Ukishatoa viroboto, utitiri, choa, mbu na chakula, na bado, hapo daktari anasema ni aleji ya mazingira: vumbi la nyumbani na utitiri wake usioonekana, chavua, ukungu wa ukutani. Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndio, unafika kwa kuondoa vingine vyote, kwahiyo mtu akikwambia "aleji ya vumbi" siku ya kwanza bila kitana wala hadubini, uliza maswali. Hii haiponi, inadhibitiwa. Kuna prednisoloni ya vidonge inayoshushwa taratibu mpaka dozi ndogo kabisa, kuna siklosporini ambayo bei yake inauma, na vidonge vya aleji vya antihistamini vinavyosaidia baadhi ya paka tu, kwa kipimo cha daktari, usigawe kidonge chako.

Kuhusu ile sindano ya kukausha muwasho inayokaa mwilini wiki kadhaa. Furu alipigwa mbili kabla sijabadilisha daktari. Inafanya kazi, ndo ubaya wake, siku tatu paka mpya, unashukuru, mwezi wa pili unarudi, na hakuna aliyetafuta chanzo. Ukizirudia rudia paka anaweza kupata kisukari, na zinaficha dalili kiasi kwamba majaribio yote niliyoeleza hapo juu yanakuwa hayasomeki mpaka iishe mwilini. Kabla sindano haijaingia uliza tu kwa heshima, "daktari, hii ni steroidi? Na tumeshaangalia viroboto?"

Kwa Furu majibu yalikuja mwezi wa pili wa dawa ya kiroboto. Alama kwenye daftari ilikuwa 8, ikashuka 5, ikashuka 2, tumbo likaanza kuota manyoya meupe laini kabla ya yale ya kijivu. Mwezi wa nne nikamrudishia dagaa kwa siku 14, nikihesabu, hakuna kitu, alama ikabaki 1. Sa hivi anakula dagaa wake kama mwananchi yeyote wa Kirumba. Kila tarehe 1 anadondoshewa dawa shingoni, na siku hizi anaijua tarehe, akisikia tu ile karatasi ya pakiti inachanika anapanda juu ya kabati la vyombo na hashuki mpaka jioni.